Hapa Pana Mbingu

Jina la Antena hakupewa na mama yake. Alipewa na shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, siku ya kwanza walipoingia msituni pamoja kupima miti. Shemeji alimkuta katikati ya kichaka amesimama wima kama askari wa gwaride, mkono mmoja juu, kidude cha njano kikiwa kimeelekezwa kwenye matawi, na macho ameyafumba. Akamzunguka polepole akimkagua. "Jamani, shemeji yangu amegeuka antena," akasema. "Hebu mfungeni waya tuone taarifa ya habari." Vibarua wakacheka hadi wakaangusha futi zao, na tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa likabaki kwa dada yake na kwa karani wa mishahara.

Kazi ya kupima msitu inaanzia mbali na msitu. Mtu anakaa ofisini chini ya feni, anatandaza ramani, anaitoboa hapa na pale, kisha mtu mwingine anaambiwa aende kwa miguu kila palipotobolewa. Huyo mtu mwingine ndiye Antena. Anaitafuta nukta, anafunga utepe mwekundu kwenye mti wa katikati, wenzake wanavuta futi kuuzunguka na kupima unene wa kila shina, wanampigia kelele namba. Baada ya miaka watu wengine watarudi pale pale, wapime miti ile ile, waone kama msitu umenenepa au umekonda. Nukta ikikosewa, watapima miti mingine na kutangaza uongo kwa uso mkavu. Pale ofisini jambo hilo halikumkosesha mtu usingizi. Antena lilimkosesha.

Kidude chenyewe, cha ukubwa wa kushikwa kiganjani, kinaishi kwa kusikiliza. Kinasikiliza setilaiti zinazopita juu kabisa, na sauti zao zikifika huku chini ni hafifu mno. Jani lililolowa linazizuia. Shina nene linazizuia. Jabali linazirudisha kama mwangwi, kidude kinadanganyika na kudhani kiko mahali ambapo hakipo. Na kizuizi kilichomuudhi Antena kuliko vyote ni mtu mwenyewe, kwa sababu mwili wa binadamu ni mfuko wa maji uliovaa shati. Akimwona kibarua mpya amekiinamia kidude tumboni kama anayesoma barua ya mapenzi, damu ilimchemka.

"Umekifunika na kichwa chako! Kitasikia nini, mawazo yako? Simama. Inua. Subiri."

Simama, inua, subiri. Hayo ndiyo yalikuwa mafundisho yake yote. Simama wima, usikiinamie. Inua mkono, kidude kiwe juu ya kichwa na mbali na kifua. Kisha subiri, usitikisike, mpaka namba iliyo pembeni, ya mita ambazo kidude huenda kikakosea, ishuke. Ikisema thelathini, maana yake kidude kinabahatisha. Ikishuka hadi tano au sita, unaweza kukiamini. Hapo Antena hupaza sauti: "Kimeshika!" na wenzake huanza kuvuta futi.

Shemeji alikuwa akiyaimba maneno hayo njiani kwa sauti ya mwalimu wa gwaride. Yeye ndiye aliyekuwa akibeba futi, mwanamume mnene wa kifua na mwembamba wa miguu, mwenye utani usiopumzika hata anapotafuna. Na ndiye aliyewaletea neno jingine, ambalo kikosi kizima kilikuja kulitumia hata kwenye redio. Mahali penye uwazi juu, pasipofunikwa na majani, yeye alipaita penye mbingu. "Hapa hapana mbingu, twendeni mbele." "Pale kwenye mto pana mbingu kidogo." Mtu akimwuliza kwa nini asiseme anga kama watu wengine, anajibu, "Anga ni la ndege. Sisi wenye dhambi tunatafuta mbingu." Msimamizi wao, mtu asiyecheka ovyo, naye alianza kuuliza asubuhi redioni: "Huko mlipo pana mbingu?"

Mbingu ya uhakika ilikuwa moja tu. Juu ya mgongo wa kilima palikuwa na jabali tupu lisiloota hata jani, wakaliita Kipara. Ukikanyaga Kipara, kidude kinashika kabla hujamaliza kupangusa jasho. Bondeni chini yake miti ilisongamana hata mchana ukawa na rangi ya chai ya rangi, na huko kidude kingeweza kutafuta hadi betri zikate tamaa. Kwa hiyo miaka yote utaratibu ulikuwa ule ule: unapanda Kipara, unachukua namba za mahali ulipo, unateremka kwa dira na futi. Mazoea yana taabu, na wahenga waliosema hivyo hawakuwahi hata kufika Kipara.

Sasa dada. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyemlea Antena, naye mwenyewe akiwa bado msichana wa kuvaa sare. Alimwogesha, alimpiga, alimpeleka shule kwa jasho la cherehani. Hata alipoolewa alikuja naye, kama mtu anavyokuja na sanduku lake, na shemeji akampokea bila kununa. Walikaa ua mmoja. Chumba cha mbele kilikuwa cha kushonea, kimejaa vipande vya vitambaa na sare za shule zilizotundikwa bila vichwa. Pazia lilitenganisha kitanda cha wakubwa na cha watoto wao. Antena alikuwa na chumba chake ng'ambo ya bomba la maji. Kazi hii ya msituni Antena ndiye aliyemtafutia shemeji, baada ya kiwanda cha magunia kufungwa. Basi kila walipoondoka alfajiri dada alisimama mlangoni na kumwambia mdogo wake neno lile lile, nusu utani:

"Nirudishie mtu wangu."

"Nitakurudishia. Ila utani wake nitauacha msituni."

"Huo rudi nao pia. Nimeuzoea."

Siku yenyewe ilikuwa ya baada ya mvua ndefu. Vibarua walikuwa wamepelekwa upande wa pili, wakabaki wao wawili kumalizia nukta moja ya bondeni. Walipanda Kipara, wakachukua namba, Antena akazima kidude akakitia mfukoni, wakateremka. Ardhi ilikuwa laini, buti zikizama na kutoka kwa sauti ya busu, na shemeji hakuliacha hilo lipite bila kulisemea. Alikuwa mbele akivuta futi. Antena alikuwa nyuma akisoma dira.

Mti mkubwa ulioloa haukatiki, unang'oka. Kwanza ilisikika sauti ndefu ya kuchanika, kama kitambaa kipya kikipasuliwa na dada. Antena alipiga kelele, shemeji akageuka, akakimbia upande ambao mtu yeyote angekimbia, na ukawa ndio upande wenyewe. Mti ulianguka na mingine miwili iliyofungamana nao kwa mimea itambaayo. Majani yaliendelea kudondoka muda mrefu baada ya kishindo kwisha.

Alimkuta chali. Shina lilikuwa limelala juu ya mapaja yake, na matope yalikuwa yamempokea kiasi, ndiyo maana alikuwa hai. Damu ilikuwa ikitoka chini ya shina, haitoki kwa kasi, lakini haikomi. Antena aliiona rangi yake wazi kabisa. Aliona kila kitu wazi: vifungo vya shati, mvi ndani ya ndevu, sisimizi juu ya gome. Hakujiuliza ni kwa nini ghafla anaona vizuri hivyo, mahali ambapo siku zote walihitaji tochi kusoma futi.

Alisukuma shina. Lilikuwa halisukumiki hata na watu kumi. Akavua mkanda, akaupitisha pale alipoweza kuufikisha, akakaza. Kisha akashika redio.

"Mti umemwangukia shemeji. Njooni na daktari, njooni na msumeno."

"Mko wapi?" akauliza mtu wa redio kambini.

"Bondeni, chini ya Kipara."

"Bonde ni kubwa, Antena. Tupe namba."

Tupe namba. Akatoa kidude, akakiwasha. Na hapo mwalimu wa watu akasahau somo lake, kwani kinyozi hajinyoi. Alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja umekamata mkanda, kidude amekishika tumboni, kichwa chake na kofia yake pana vimekifunika kama mwavuli. Kioo kikaandika kuwa kinatafuta. Kikatafuta. Antena akakitazama kama anavyotazamwa mdeni.

"Antena," shemeji akasema.

"Niko hapa."

"Mbingu."

"Nyamaza, shemeji. Usiseme hivyo."

"Mbingu hii hapa." Akainua kidole kidogo kutoka kwenye matope, akakielekeza juu. Macho yake yalikuwa wazi na yanang'aa, yametazama moja kwa moja juu bila kupepesa. "Si unaona? Mbingu."

"Huendi mbinguni leo. Dada ataniua. Kaa hapa hapa duniani uteseke na sisi."

Shemeji akakunja uso. Huenda yalikuwa maumivu, huenda ilikuwa hasira, huenda hata ilikuwa kicheko. "Simama," akasema.

"Siwezi kusimama. Nikisimama hapa utaniishia. Lazima nikimbie."

"Simama, wewe..." Pumzi ikamkatikia hapo.

Ng'ombe akivunjika mguu malishoni hukimbilia zizini, na zizi la Antena lilikuwa Kipara. Bondeni hakishiki; hilo alilijua kama anavyojua jina la mama yake. Kila mmoja wao alikuwa na filimbi shingoni. Akaitia ya shemeji kinywani mwake. "Piga, mimi nitakujibu. Napanda kuchukua namba, narudi." Akambana mkono mara moja, akaondoka mbio.

Alipanda kwa mikono na miguu. Juu, kabla hajasimama sawasawa, kidude kilishika, naye kwa mazoea yaliyomkaa mwilini akapiga kelele peke yake juu ya jabali: "Kimeshika!" Akasoma namba. Mtu wa redio akazirudia. Zilikuwa sahihi, zilikuwa namba nzuri kabisa za mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyeumia.

"Wameondoka," mtu wa redio akasema. "Watapanda mpaka hapo ulipo, utawaongoza kushuka. Kaa hapo hapo, Antena. Usitembee, tusije tukapoteana."

"Yuko peke yake kule chini."

"Ukishuka nao wakikukosa, mtapotea wote wawili. Kaa."

Akakaa. Mtu aliyezoea kutii maagizo ya njia hutii hata pale moyo unapokataa. Kutoka bondeni filimbi ililia mara mbili. Akajibu mara mbili. Ikalia tena, akajibu, na akaanza kuongea nayo kama kichaa: vizuri, shemeji, hivyo hivyo, wanakuja. Kisha ikawa inakawia. Kisha ikalia moja, fupi. Alijibu kwa nguvu hata midomo ikapasuka. Baadaye alisikia mlio, akaruka kwa furaha, kumbe ni ndege. Baada ya ndege hakusikia kitu, naye aliendelea kupuliza kwa sababu hakujua afanye nini kingine na pumzi yake.

Walipofika walikuwa wametapakaa matope: msimamizi, muuguzi wa kike mwenye begi mgongoni, na wabeba machela. Wenye msumeno walikuwa bado nyuma. Hawakusalimiana. Antena aliwatangulia kushuka, akianguka na kuinuka.

Shemeji alikuwa vile vile, chali, filimbi imelala shavuni. Macho yalikuwa bado yametazama juu. Muuguzi alipiga magoti, akaweka vidole shingoni, akasikiliza kifua, akaweka vidole tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, akimwambia msimamizi, lakini msitu ulikuwa kimya na kila mtu akasikia:

"Bado wa moto. Hajaondoka muda mrefu."

Msimamizi akavua kofia. Alipoivaa tena alikuwa msimamizi. "Antena, chukua namba ya hapa. Wenye msumeno waje moja kwa moja, wasizunguke Kipara."

Antena akafanya kama alivyoambiwa, kwa kuwa hakuwa na akili ya kufanya kingine. Hakukuwa tena na mtu wa kumwinamia. Akasimama. Akainua. Hakusubiri hata kidogo. Kidude kilishika papo hapo, vipimo vyote vikajaa kioo, na namba ya pembeni ikashuka hadi tatu. Mita tatu. Katika miaka yote hakuwahi kupata tatu msituni, hata Kipara chenyewe kilimpa tano.

"Mita tatu?" msimamizi akauliza, akichungulia kwa nyuma, bila nia yoyote mbaya. "Kumbe hapa pana mbingu."

Wote wakatazama juu. Mti ule ulipoanguka na wenzake ulikuwa umeondoka na paa. Palikuwa na tundu kubwa, ukingo wake wa majani yaliyochanika, na ndani yake uwazi mweupe usio na kitu.

"Tungejua," msimamizi akaendelea, akiwa bado ametazama juu, "tungepita ile njia ya zamani ya matrekta. Si iko pale tu, ng'ambo ya kijito? Tungekuwa tumefika zam..." Hapo akamwona Antena usoni, akafunga mdomo. Tumtendee haki: hakuufungua tena juu ya jambo hilo, wala kwenye kikosi, wala ofisini.

Lakini Antena alikuwa ameshasikia, na sasa alisikia yote kwa mara ya pili. Mbingu. Mbingu hii hapa, si unaona? Simama. Mtu aliyelala chali chini ya mti alikuwa ameona kile ambacho mtaalamu aliyepiga magoti hakukiona, akamwambia kwa neno lao la kila siku, neno alilolitunga yeye mwenyewe, akamwonyesha na kwa kidole. Alikuwa akimwambia: inuka, acha kukifunika hicho kidude, namba utaipata hapa hapa, usiende popote. Naye akamjibu kwa mzaha wa kufukuza hofu, akampa filimbi, akakimbia. Unaweza kuuliza neno la kazini lilimpotezaje mtu wa kazini. Lilimpoteza kwa sababu kulikuwa na damu, na mbele ya damu neno mbingu lina maana moja tu.

Habari ilitangulia nyumbani, kama kawaida ya habari mbaya. Antena alipoingia uani dada alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye ukuta wa bomba, majirani wamemshika. Hakulia alipomwona. Alimtazama tu kama zamani alipokuwa akimrudia na shati lililochanika.

"Ulikuwa naye?"

"Nilikuwa naye, dada." Hilo lilikuwa kweli kwa sehemu, na alidhani sehemu iliyobaki ataifikia.

"Alisema nini?"

Antena alikuwa amekuja na maneno yote, yamejipanga. Alianza na la kwanza. "Alisema anaona mbingu."

Wala hakupata nafasi ya la pili. Dada alifunika uso, na kilio kilichokuwa kimekwama kikatoka, kilio kirefu chenye shukrani ndani yake. "Mbingu! Mmesikia? Aliiona! Yule mtu na utani wake wote, aliiona!" Majirani wakaitikia. Mmoja akasema ajali haina kinga, mwingine akasema si kila mtu hufa kifo cha namna hiyo. Na neno likatoka uani kabla ya jioni. Mazishini aliyeongoza sala alilisimamia, akalichambua, akawaambia watu wajiulize nao siku yao ikifika wataona nini. Antena alikuwa amesimama mbele kabisa, kwa sababu ndiye ndugu wa kiume.

Alirudi kazini kwa kuwa sasa ua mzima ulimtegemea yeye. Vibarua wapya walishangaa kwamba huyu mtu anayesifiwa kwa ukali hafokei mtu. Ukikiinamia kidude anakuja tu, anakuinua taratibu kwa kukushika bega, na kabla hajafanya lolote anatazama juu. Neno mbingu lilikufa kwenye kikosi bila mtu kulikataza. Walianza kusema anga, kama watu wengine.

Nyumbani halikufa. Kila baada ya siku chache dada aliacha cherehani katikati ya mshono na kusema, "Hebu niambie tena." Naye humwambia. Wakati mwingine aliitwa mbele ya wageni, wakati mwingine mbele ya mtoto aliyeamka akilia. Kila mara alipolisema, chumba kilikuwa chepesi kidogo kwa wengine, na yeye akatoka nje kunawa uso kwenye bomba. Alimwonea wivu kila mtu aliyeweza kulisikia neno lile na kufarijika. Na alijichukia, tena hakujificha kwamba anajichukia. Alikonda hadi mkanda wa suruali ukahitaji matundu mapya. Mkanda ule mwingine hakuutaka tena.

Siku moja alasiri aliamua kwamba imetosha. Dada ndiye aliyemlea, alimpiga kwa makosa madogo kuliko hili akamsamehe. Atamwambia yote, na litakalokuwa na liwe. Alivuka ua, akainua pazia. Dada alikuwa amekaa kwenye mashine, sare za shule zimerundikana magotini.

"Dada, nina neno."

"Na mimi nina neno. Naanza mimi, mimi mkubwa." Alikuwa na uso uliotulia ambao Antena hakuuona tangu msiba. "Nimetoka kuongea na fundi wa makaburi. Nataka aandike juu ya saruji, chini ya jina: NAONA MBINGU. Hivyo tu. Unaonaje?"

Antena alizitazama sare zilizotundikwa.

"Nikwambie ukweli, mdogo wangu, mimi kifo chake nimeanza kukikubali. Kitu ambacho nisingekubali ni afe peke yake, kama mnyama, huko porini. Hilo lingeniua." Akakata uzi kwa meno. "Ulikuwa umemshika mkono, siyo? Mwishoni?"

Nje mtu alikuwa akichota maji, ndoo ikijaa. Antena aliisikiliza hadi ikafurika.

"Nilimshika."

"Ukakaza?"

"Nilikaza, dada."

Dada akatikisa kichwa polepole kukubali, akapangusa macho kwa ncha ya sare ya mtoto wa mtu. Akarudisha mguu kwenye kikanyagio, kisha akakumbuka. "Na wewe? Ulikuwa na neno gani?"

"Limenitoka."

"Basi likirudi utaniambia. Hebu nitungie uzi kwenye sindano hii, macho yangu siku hizi hayanisaidii."

Akaichukua sindano na uzi. Chumbani mlikuwa na kiza, akaenda mlangoni penye mwanga. Akasimama wima, akaiinua sindano juu ya kichwa alione tundu, akasubiri.